Kapita Anajibu: Aliyeshuka wa Pili

Barua za mwezi huu zimenikuta nikiwa nyumbani, mguu umevimba kama kawaida yake mvua inapokaribia. Kwa wasomaji wapya: mimi ni kapita, yaani msimamizi, wa shantie (mahali pa ujenzi) hapa Goma, mashariki ya Kongo, miaka 27 sasa, na kabla ya hapo nilibeba mawe na kuchanganya sima (saruji) kwa ajili ya masoni (waashi) wengine. Sikusomea uinjinia. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu kuliko zote, mtanisamehe.

*Papa Kapita, jambo sana. Ninajenga Kyeshero. Mafundi wanachimba shimo la fosi septiki, la kupokea maji machafu ya choo, limefika mita tatu na wanataka kwenda mpaka nne. Jana saa nne asubuhi walishusha mshumaa kwa kamba, ukawaka vizuri hadi chini, nao wakashuka. Jirani yangu anasema mshumaa ni uongo, bora kuku. Mtoto wa dada yangu ni mmoja wa wachimbaji, na mimi ndiye niliyemwita kazini. Nisimamishe kazi au ninaogopa bure? – Mama wa Kyeshero*

Simamisha, Mama. Kama gazeti hili umelipata mchana na watoto wamo shimoni, liweke chini uende ukawatoe. Ngazi ipandishwe, shimo lifunikwe kwa mbao nzito, kisha urudi tuongee.

Mazuku unayajua kwa jina, hakuna aliyekulia upande wa Kyeshero, Himbi au Lac Vert asiyeyajua. Hata wanasayansi wa volkano wamelichukua neno letu hilo hilo na kuliweka katika maandishi yao. Ni gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) inayopanda kutoka chini ya volkano na kupenya katika nyufa za lava. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo inafanya kama maji: inatafuta bonde, inatafuta shimo, inatulia humo. Haina rangi, na pua haikusaidii. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala, inajaa. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inatawanyika, na shimo lile lile linaonekana halina neno. Ndiyo maana mshumaa wa jana saa nne hauna habari yoyote ya kukupa kuhusu kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Na hata hiyo saa nne, mshumaa haukusema mengi. Moto wa mshumaa unazimika gesi hiyo ikikaribia sehemu kumi katika mia ya hewa. Binadamu huanza kuumwa kichwa na kuhema kabla ya hapo, kwenye tano tu, na kwenye kumi anaweza kuzimia katika dakika chache. Ukizimika, toka mbio. Ukiwaka, bado hujui kitu. Kuku nimemwona akishushwa pale Mugunga, akapanda mzima, na jioni akaliwa kwa ugali. Alichothibitisha ni kwamba hewa ilikuwa nzuri mahali kamba yake ilipoishia, na kamba ilikuwa fupi.

Kuna kosa lingine la mshumaa nataka wenye nyumba za zamani walisikie. Shimo jipya la lava ni jambo moja, choo cha zamani au fosi septiki iliyokwisha kutumika ni jambo jingine. Humo kuna methani, gesi inayolipuka. Ukishusha moto unaweza kujichoma uso ukiwa umeinama ukingoni. Humo pia kuna gesi ya harufu ya mayai yaliyooza, na ubaya wake ni kwamba ikizidi inaua pua kwanza: harufu inapotea, mtu anafikiri hewa imesafika, anashuka.

Sasa nikueleze kwa nini nimekusimamisha kazi kabla ya salamu.

Mwaka 2011, upande wa Lac Vert, nilikuwa kapita wa nyumba moja ya familia. Shimo lilikuwa la mita tatu na nusu. Tulichimba mpaka Jumamosi mchana, Jumapili tukapumzika kama watu wote, Jumatatu tukafika mapema kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amelalamika kwamba tunachelewa. Kijana mmoja alishuka kuchukua baramina, ule mtaimbo wa kuvunjia lava, aliyokuwa ameiacha chini. Hakupiga kelele. Alikaa tu, kama mtu aliyechoka, mgongo ukiegemea ukuta wa shimo. Mwenzake alicheka, akamwambia aache mchezo wa Jumatatu. Kisha akaacha kucheka akashuka mbio, akamshika mikono, akapiga magoti, akalala juu yake. Mimi nilikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Mama aliyekuwa akituuzia mandazi alinikamata koti kwa nyuma, akaning'ang'ania, akasema, “Kapita, na wewe ukibaki humo, nani ataita watu?”

Tuliwatoa kwa ndoano na kamba, baada ya muda mrefu. Wote wawili walikuwa wamekufa.

Wa kwanza aliuawa na mazuku. Wa pili nilimuua mimi. Nilikuwa kapita, nilijua mazuku ni nini, niliwahi hata kuyataja wakati wa kula, lakini sikuwahi kumwambia mtu hata mmoja: mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Niliona ni neno la kuleta mkosi. Tangu siku hiyo ndilo neno la kwanza ninalosema kwenye kila shantie yenye shimo, kabla ya kugawa kazi, na ninamtaka kila mmoja alirudie kwa mdomo wake, na akitaja jina la ndugu yake: “Hata akiwa fulani, sishuki.” Vijana wanaona aibu. Waone tu.

Turudi kwako. Kabla ya kuuliza mtu atashukaje, uliza kama ni lazima mtu ashuke. Mji wetu umekaa juu ya mwamba, na wazee wetu hawakujenga vyoo vya kupanda ngazi kwa kupenda fahari: walikataa kupigana na lava. Fosi yako inaweza kukaa nusu juu ya ardhi, ikiwa imejengwa kwa mawe na kupigwa sima vizuri ndani. Au iwe pana badala ya ndefu. Shimo la mita mbili kwa mbili, kina mita nne, linabeba mita 16 za ujazo. Shimo la mita nne kwa mbili, kina mita mbili, linabeba 16 zile zile. Wewe umeshafika tatu. Jaza mita ya chini kwa mawe yale yale waliyoyatoa, upanue ubavuni. Mafundi watanuna siku moja. Gesi bado inaweza kuingia katika shimo la mita mbili, lakini humo mtu unamwona, unamfikia kwa ndoano, na kumvuta ni kazi ya dakika.

Kama kiwanja ni chembamba na hakuna njia ila kwenda chini, basi kazi ianze jua likiwa limepanda na upepo unatembea, isiwe alfajiri, na isiwe Jumatatu bila kupuliza hewa kwanza. Tafuta feni yenye nguvu na bomba refu linalofika chini kabisa, maana hewa ya kupuliza juujuu inapita tu juu ya gesi iliyolala. Feni isizimwe mpaka mtu wa mwisho atoke. Grupu la umeme, yaani jenereta, likae mbali, upande ambao moshi wake hauji shimoni, kwa sababu moshi huo nao unaua. Na motopompe, pampu ya maji ya petroli, isishushwe shimoni hata kwa dakika tano. Kuna mashine ndogo za kupima gesi, ukubwa wa simu. Ukiazima, uliza kama inapima kaboni dioksidi yenyewe. Nyingi za kawaida zinapima oksijeni na gesi nyingine tatu tu, na mazuku yanaweza kuwa yameshafikia kipimo cha kumwangusha mtu wakati oksijeni ndiyo kwanza inaanza kupungua.

Mchimbaji afungwe mkanda wa kifuani na wa mapajani kabla ya kushuka, kamba ipite kwenye puli iliyofungwa juu ya miti mitatu, na watu wawili juu wasiwe na kazi nyingine yoyote. Nasema puli kwa sababu mtu aliyezimia hajisaidii, kilo zake 70 zinakuwa kama 100. Jaribuni kwanza na mfuko wa sima wa kilo 50. Kama mfuko umewashinda kupandisha, mtoto wa dada yako asishuke.

Na umwambie wewe mwenyewe lile neno, Mama. Kwako atalisikia kuliko kwa kapita.

*Mzee, mimi ni kapita mdogo Bukavu, komini ya Kadutu. Tunachimba msingi wa ukuta wa kuzuia kilima nyuma ya nyumba. Mtaro una kina cha mita mbili na nusu, upana sentimita 80, urefu mita 14. Udongo mwekundu, umesimama wima kama umekatwa kwa kisu. Bwana wa kazi anasema mbao za kuegemeza ni kutupa pesa, tukimbize kazi kabla ya mvua. Nami naona udongo ni mgumu. – Kapita mdogo*

Mdogo wangu, sisi wa Goma tunalia kwa sababu ya mwamba, ninyi wa Bukavu mnalia kwa sababu ya kukosa mwamba. Udongo wenu mwekundu ndio unaodanganya kuliko wote niliowahi kufanyia kazi. Mchanga unakuonyesha mapema kwamba hautaki kusimama. Ule mwekundu unasimama Jumatatu, Jumanne, Jumatano, halafu Alhamisi unashuka pande zima kama mlango.

Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito unaokaribia tani mbili. Mtu akifunikwa mpaka kifuani, kichwa kikiwa nje na anaongea nanyi, bado anaweza kufa, maana kila anapotoa pumzi udongo unajaza ile nafasi na kifua hakipanuki tena. Nilisimama mbele ya mtu wa namna hiyo. Tulichimba kwa mikono, kwa sababu koleo lingemkata.

Vitabu vya Wafaransa ambavyo mainjinia wetu wanasomea vina kanuni rahisi kukumbuka: mtaro ukipita mita 1.30 kwenda chini, na upana wake ukiwa hauzidi theluthi mbili za kina, kuta lazima ziegemezwe. Theluthi mbili za mita mbili na nusu ni kama mita 1.67. Wewe una sentimita 80. Huna hata pa kubishania.

Lakini mbao si njia pekee, na hapa ndipo utakapomshika bwana wa kazi. Usifungue mita zote 14 kwa pamoja chini ya kilima. Chimba kipande cha mita mbili, egemeza, jenga msingi na ukuta wake mpaka usimame, kisha ruka kipande kimoja uchimbe kinachofuata, uje urudi kwenye ulichokiruka. Mbao zile zile chache zinahama nawe. Kilima kinabaki na magoti yake wakati wote. Udongo unaotoa usiurundike ukingoni. Usogeze mita moja au zaidi, na lori la mawe lisisimame upande huo hata kama dereva ni shemeji yako. Ngazi iwe ndani ya mtaro, karibu na watu. Na kila asubuhi, hasa baada ya mvua, tembea juu ya kilima kabla hujatembea chini: ukiona ufa unaofuata mstari wa mtaro, leo hakuna kazi.

Unaishi Kadutu, Funu unaiona kila siku. Ule mteremko mzima unatembea polepole, nyumba zikiwa juu yake. Mkikata mguu wa kilima upande wowote wa mji huo, msitegemee kwamba kitakaa kwa heshima mpaka mmalize.

*Kapita, mimi si fundi, ni mwenye nyumba, ninapandisha etaji (ghorofa) mbili Himbi. Nimenunua kaske 12, zile kofia ngumu za ujenzi, kwa pesa yangu. Wafanyakazi hawazivai, wanazigeuza viti na vibeba misumari. Wiki iliyopita mmoja alianguka kutoka kwenye eshafodaji, jukwaa la miti la kusimamia kazini, akavunjika mkono. Kosa ni langu au lao? – Mwenye kaske*

Ndugu yangu, umenunua kitu cha mwisho kwanza. Kaske inasaidia jiwe dogo likimwangukia mtu. Mtu mwenyewe akianguka kutoka mita sita, kaske inafika chini pamoja naye.

Sijaiona eshafodaji yako lakini nitaieleza, uniambie kama nimekosea: miti ya mikalitusi, kila kiungo msumari mmoja au miwili, mbao mbili za kukanyagia zenye nafasi katikati, upande wa nje hakuna kitu, na miguu ya miti imekaa juu ya kokoto za lava. Mwaka 1998 nilianguka mita nne kutoka kwenye kitu kama hicho. Kiungo kilikuwa na msumari mmoja kwa sababu misumari ilikuwa imeisha na mtu alikuwa ametumwa Birere kununua mingine. Hakuwa amerudi. Ndio huu mguu ninaoulaumu kila mvua.

Pesa ya kaske ingenunua vitu hivi. Mbao za kujaza upana wote wa kukanyagia, zisizo na mafundo makubwa, zilizofungwa zisiinuke ukikanyaga ncha. Mti wa kuzuia ubavuni, urefu wa kiuno, kama mita moja, na mwingine katikati, maana mtu aliyechuchumaa anapita chini ya ule wa juu. Ubao wa sentimita 15 pembeni mwa miguu, ili jiwe lisidondoke, na ukiuweka huo ndipo hata zile kaske zitakuwa na kazi ndogo. Ifungwe ukutani kila etaji. Kila mguu wa mti ukanyage kipande cha ubao, usikanyage kokoto. Na mtu mmoja, jina lake linajulikana, aitikise kila asubuhi kabla ya mwingine kupanda.

Kuhusu kutovaa, hebu vaa moja kutwa nzima ukiwa umeinama unapanga mawe. Haina kamba ya kidevuni, sivyo? Inaangukia kwenye ndoo ya sima mara tatu, ya nne unaikalia. Nunua kamba. Na ukija kukagua kazi, uje umevaa. Nimeona wenye nyumba wakipiga kelele za kaske wakiwa na kofia ya harusi.

Aliyevunjika mkono, lipa matibabu. Hilo hukuuliza, lakini nimekujibu.

*Tumemwaga dale, sakafu ya betoni (zege), ya etaji ya kwanza. Leo ni siku ya nane. Bosi anataka tutoe miti ya chini tukaitumie kwenye nyumba yake nyingine. Anasema betoni imekauka, anaigonga kwa kiatu. – Masoni, Ndosho*

Betoni haikauki, inakomaa, na kiatu hakioni ndani. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Ikiwa na wiki moja, kwa sima ya kawaida iliyochanganywa vizuri na kumwagiwa maji kila siku, imefikia kama theluthi mbili tu. Na sote tunajua mchanganyiko wa mwisho wa jioni ulikuwaje. Mbao za ubavuni toeni. Miti inayobeba dale kwa chini ibaki wiki tatu angalau, nne kama nafasi kati ya kuta ni kubwa, na ikitolewa ianzie katikati kwenda kwenye kuta. Akilazimisha, muombe asimame chini yake wakati mnagonga mti wa kwanza. Mimi nimewahi kuomba hivyo. Aliangalia saa, akasema tungoje.

*Mzee wangu, mimi ni mponda mawe na edemasoni, msaidizi wa masoni, napata kazi ya siku. Kipande cha lava kiliniingia jichoni. Mwenye kazi alinipa dola 10 na kusema wa siku hana haki. Nimefanya kwake tangu mwezi uliopita. – Kijana wa Majengo*

Mwanangu, kwanza jicho. Kama bado kuna kitu ndani, usilisugue, usiruhusu mwenzako alichokonoe kwa ncha ya kitambaa. Lifunike kwa kikombe cha karatasi na uende kwa daktari wa macho leo hii. Lava inapasuka kama kioo. Miwani ya plastiki ya kupondea bei yake haifiki dola kumi ulizopewa.

Kuhusu haki: sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mtu wa siku akiwa amefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa ana mkataba usio na mwisho. Kwa hiyo swali si kama wewe ni wa siku, swali ni siku ngapi. Na ajali ya kazini ni jambo la CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambako mwenye kazi ndiye anayepaswa kukuandikisha na kukuchangia.

Sasa, hizo siku umeziandika wapi? Najua, hapana. Nunua daftari la shule. Kaa na wenzako wawili mliokuwa nao, mkumbuke pamoja tangu siku ya kwanza: tarehe, kazi iliyofanyika, nani alikuwepo, nani alilipa na kiasi gani. Siku ya jicho iandike kwa urefu, na saa. Wenzako waweke sahihi au kidole. Kisha uende na daftari hilo na karatasi ya daktari kwa mkaguzi wa kazi wa serikali, usiende mikono mitupu. Na kama karatasi ile ya daktari imeandikwa “alianguka nyumbani” kwa kuwa mwenye kazi alikuomba useme hivyo, rudi kwa daktari kwanza.